Sekunde Nane za Maame Waya

Jambo la kwanza ambalo mtu hulitambua kwa Afrakoma Dwomoh ni kwamba huisalimia mota kabla ya kumsalimia mwenye mota. Akiingia kwenye karakana, hata kama wazee watatu wamekaa mlangoni, hupita moja kwa moja hadi kwenye mashine, huinama, huugusisha mgongo wa mkono wake wa kulia kwenye gamba la mota, kisha hutulia kidogo kama mama anayempima mtoto homa. Ndipo hugeuka, akanyoosha gauni lake, akaanza kuwaamkia watu mmoja mmoja kuanzia kulia kwenda kushoto kama inavyotakiwa. Kumasi ni mji wa watu wanaojali salamu, na mwanamke mwingine angekwisha tozwa chupa ya pombe ya jini kwa utovu huo wa adabu. Yeye huachiwa.

"Maame Waya amekwenda kumjulia hali mume wake," husema mafundi wa Suame, mtaa wa karakana wa mji huo, wanaomwita hivyo, yaani Mama Waya, wakacheka.

Ni mgongo wa mkono, si kiganja. Marehemu baba yake alimfundisha hivyo alipokuwa na miaka kumi na minne. Umeme ukikupiga kiganjani, vidole hujifunga na kukishika kile kile kilichokupiga; ukikupiga mgongoni mwa mkono, mkono huruka wenyewe. Mzee Dwomoh alikuwa msukaji wa mota. Mota iliyoungua ililetwa kwake ikinuka vanishi, naye aliitoa matumbo yake ya shaba na kuisuka upya, mzunguko kwa mzunguko. Kazi ya kuhesabu ilikuwa ya Afrakoma. Kama ni mizunguko themanini na minne, ilikuwa themanini na minne, si themanini na mitatu. Mtu akimsemesha katikati, alifumua yote na kuanza upya bila kulalamika. Sasa ana miaka hamsini na miwili, na bado ukimwita anapohesabu hatakuitikia hata ukimwambia nyumba yake inaungua.

Kusuka mota kungemtosha maisha yake yote kama si mashine za kukereza vyuma. Mashine hizo hazina mwendo mmoja. Chuma kinene hutaka mwendo wa polepole, chembamba hutaka wa haraka, na kukata hesi, yaani ule mfereji unaoizunguka parafujo toka mwanzo hadi mwisho, hutaka polepole kuliko vyote. Wakereza wa Suame walizoea kubadili mwendo kwa kuhamisha mkanda kutoka puli moja, yaani gurudumu la mkanda, kwenda nyingine. Wengi waliusukuma kwa kipande cha mbao mashine ikiwa bado inazunguka, na wapo wanaohesabu vidole vyao mpaka tisa kwa sababu hiyo. Tena mashine kubwa zilizotoka Ulaya zilidai umeme wa fezi tatu, ilhali vichochoro vingi vya Suame vilikuwa na fezi moja tu.

Miaka sita iliyopita Afrakoma alikuta visanduku vya kijivu, kila kimoja ukubwa wa mkate, kwenye rundo la chakavu lililoshushwa kutoka kwenye kontena. Viling'olewa kwenye kiwanda fulani cha biskuti huko ng'ambo. Wauza chakavu walikuwa wakivivunja kwa nyundo kutafuta shaba. Yeye alivinunua kwa kilo. Binti yake Konadu, mwalimu huko Sunyani, alimsomea kijitabu cha maelekezo kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, jioni kumi na moja mfululizo. Kisanduku cha kwanza kililipuka. Cha pili kilitoa moshi kimyakimya. Cha tatu kilichukua umeme wa fezi moja, kikatoa wa fezi tatu, kikaizungusha mota. Na kitufe kidogo cha kuzungusha kikaifanya mota ile iende upesi au polepole kadiri fundi alivyopenda, mkanda ukiwa umekaa pale pale.

Kufikia mwaka huu kichochoro kimoja tu cha Suame kilikuwa na visanduku vyake saba. Watu walianza kuviita visanduku vya kasi, na Afrakoma, ambaye alizoea kuitwa kurekebisha vilivyokufa, akaanza kuitwa kuwasha vilivyo hai.

Halafu kichwa cha mashine ya Yaw Opuni, mkereza wa kichochoro hicho, kikaruka.

Kichwa ni lile duara zito la chuma lenye meno matatu linalokamata kitu kinachokerezwa. Katika mashine za zamani hufungwa kwenye ekseli kwa hesi, kama kifuniko kwenye chupa; ekseli ikisimama ghafla, uzito wake hukisukuma kiendelee kuzunguka, nacho hujifungua. Cha Opuni kilikuwa na uzito wa kilo ishirini na nane. Kilijifungua, kikaangukia kitanda cha mashine, kikauvunja mkono wake wa kulia mahali pawili, kikatoka nje kikibingirika mpaka kwenye meza ya mkewe, Dufie, auzaye wali wa maharage mbele ya karakana. Dufie alikitazama kile chuma miguuni pake kabla hajasikia sauti ya mumewe.

Kichochoro kile kina desturi yake. Mashine iliyomwaga damu ya mtu haiwashwi tena mpaka aliyeumizwa aiwashe kwa mkono wake mwenyewe. Akikataa, hukatwa vipande ikauzwa chakavu. Safari hii Wofa Ntiamoah, mkuu wa kichochoro, ambaye watu wote humwita mjomba hata wale anaolingana nao umri, aliongeza lake: Opuni akikataa, visanduku vyote saba ving'olewe, na Afrakoma asiitwe tena kwenye karakana yoyote pale. Mpaka hapo ijulikane, vizimwe.

Opuni alikwisha sema mara mbili, mbele za watu, kwamba hataiwasha.

* * *

Afrakoma alijua kitu ambacho hakuna aliyemuuliza.

Alipofunga kisanduku cha Opuni aliweka namba moja muhimu kuliko zote: muda wa kusimama. Mota ikizimwa ikiwa kwenye mwendo wa juu, kisanduku kiipunguze taratibu kwa sekunde nane mpaka itulie. Wiki ya kwanza tu Opuni alimfuata.

"Maame, mashine yako inasimama kama mzee anayetafuta kiti. Naweza kumaliza fufu nusu bakuli nikiingojea."

"Kula basi. Kichwa hicho kimefungwa kwa hesi, hakipendi kushtuliwa."

"Mteja wangu ndiye asiyependa kungojea."

Opuni alikuwa akikereza parafujo kubwa za mashine za kukamulia mafuta ya mawese. Kukata hesi moja ya parafujo hiyo ni kwenda mbele na kurudi nyuma mara arobaini na zaidi, na kila mara mashine lazima isimame ndipo igeuke. Sekunde nane, mara themanini. Hesabu ilikuwa upande wake. Afrakoma akashusha nane zikawa nne. Baadaye nne zikawa mbili. Mwisho, asubuhi moja ambapo Opuni alikuwa na wateja watatu wamekaa wakimtazama, mbili zikawa moja. Alimwonya, ni kweli. Alimwambia asivute mpini wa kugeuzia mota kutoka mbele kwenda nyuma kwa mkupuo, bali apumzike katikati mashine isimame kwanza. Opuni akasema, sawa Maame.

Lakini hakuna mkereza wa Suame anayepumzika katikati. Wote huvuta mpini moja kwa moja, tangu walipojifunza kazi, na hakuna aliyepata kuumia, kwa sababu mikanda yao ya zamani ilikuwa imelegea. Mota ikigeuzwa ghafla, mkanda uliteleza na kupiga kelele, na kichwa kikapata nafasi ya kutulia. Afrakoma alipoleta kisanduku chake alileta pia mkanda mpya, akaukaza vizuri, akajivunia kwamba hautelezi. Maana ya jambo hilo ilimjia msibani Jumamosi moja baada ya ajali, katikati ya nyimbo, akiwa amevaa nguo nyekundu na nyeusi kama waombolezaji wengine. Ulegevu ule ndio uliokuwa ukimlinda Opuni. Yeye ndiye aliyeuondoa.

Alikaa nalo wiki nne. Akilisema, watasikia nusu tu: Maame Waya amekiri. Akisema na nusu ya pili, kwamba Opuni ndiye aliyetaka, atakuwa amemtupia maneno mtu aliyefungwa plasta. Kila alipofika mlangoni kwa Ntiamoah aliuliza habari za watoto, akaondoka.

Wiki ya tano aliitwa.

* * *

Kikao kilianza saa tatu asubuhi, Alhamisi, mbele ya karakana ya Wofa Ntiamoah. Watu kama ishirini walikuwa wamekaa juu ya madebe, mabenchi na injini zilizokufa. Chupa ya jini ambayo Afrakoma aliileta, kama inavyompasa aliyeitwa, ilisimama juu ya kiti peke yake. Opuni alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa plasta ukining'inia kwenye kitambaa cha kanga iliyochanwa, macho chini. Dufie alisimama nyuma yake amekunja mikono.

"Maame Waya," alianza Ntiamoah, "umekuja na mdomo au na mikono?"

"Na vyote viwili, Wofa."

"Mikono yake tumekwisha iona," alisema Boasiako. Huyu ndiye fundi wa mikanda na puli wa kichochoro, na kazi yake ilikuwa imepungua nusu tangu visanduku vije. "Inarusha kilo ishirini na nane."

"Boasiako, zamu yako ya kuchekesha watu ni Jumamosi msibani. Leo kaa." Ntiamoah akamgeukia tena Afrakoma. "Haya."

"Naomba mashine yako, Wofa. Ni pacha wa ile ya Opuni, zilishuka kontena moja, nayo ina kisanduku changu. Nataka watu waone inavyosimama."

"Mashine yangu mimi."

"Ndiyo."

"Na ikirusha kichwa?"

"Nitakuwa nimesimama alipokuwa amesimama Opuni."

Mnong'ono ulipita. Ntiamoah alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, jambo alilofanya kila alipotaka muda. Mwisho akatoa ufunguo wa swichi kubwa mfukoni, akampa.

Afrakoma hakuanza na kisanduku. Alianza na mkanda. Aliulegeza, akauhamisha kutoka kwenye puli ya kati kwenda kwenye ile ya mwendo wa chini kabisa.

"Ngoja kidogo," alisema Boasiako. "Si ni wewe uliyetutangazia kwamba mkanda hautaguswa tena? Mimi nilikosa kazi kwa tangazo hilo."

"Nilitangaza. Nilikosea."

Boasiako alikuwa amejiandaa kwa jibu lingine.

"Kisanduku kinapunguza mwendo," Afrakoma aliendelea, akiongea na mkanda zaidi kuliko na watu, "hakiongezi nguvu. Ukitaka nguvu ya polepole, inatoka kwenye puli. Kazi ya Boasiako ipo, na ingekuwepo siku zote kama ningeuliza."

Kisha akafungua kisanduku mbele yao na kubonyeza namba, akizisoma kwa sauti: mwendo, robo; muda wa kusimama, sekunde nane. Akahamisha waya za mpini, akawaonesha kwamba hazipiti tena kwenye mota. Zimeingia kwenye kisanduku. Fundi akiuvuta mpini kwa mkupuo, kisanduku kitasikia, lakini hakitageuza mota mpaka isimame kabisa kwanza.

Mwisho akatoa chaki. Akachora mstari mmoja mweupe uliovuka kutoka kwenye ekseli kwenda kwenye kichwa cha mashine, juu ya ule ufa ambapo viwili hivyo vinakutana. Hakuhitaji kueleza sana. Kichwa kikianza kujifungua, hata kwa upana wa unyasi, mstari utakatika.

"Mara ishirini," alisema. "Wofa, nihesabie."

Akasimama mahali pa mkereza, tumbo lake likielekea kwenye yale meno matatu. Akawasha. Kichwa kilizunguka polepole, kizito, kikilia sauti ya chini. Akavuta mpini kutoka mbele kwenda nyuma kwa mkupuo mmoja, kama wafanyavyo wote. Mashine ilipungua, ikatulia, ikaanza kuzunguka upande wa pili.

"Moja," alisema Ntiamoah.

Watu wa karibu walirudisha madebe yao nyuma. Mbili. Tatu. Kila mara Afrakoma alitazama chaki, na kila mara ilikuwa nzima. Mara ya kumi na moja spana ilianguka mahali fulani nyuma, na watu ishirini wakaruka kwa pamoja. Mmoja alijimwagia uji. Yeye hakugeuka. Alikuwa anahesabu pia, kimoyomoyo, na hakuwa tayari kuanza upya. Jasho lilimshuka mgongoni na kuishika nguo. Kumi na nane. Kumi na tisa.

"Ishirini," alisema Ntiamoah, akainama na miwani yake mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. "Mzima."

"Mbona haikuchukua nane?"

Aliyeuliza ni Opuni.

"Nini?"

"Umesema sekunde nane. Mimi nimehesabu mbili kila inaposimama."

Afrakoma alijifuta uso. "Nane ni kutoka mwendo wa juu kabisa. Ukiwa kwenye robo ya mwendo, unasimama kwa robo ya muda. Na hesi inakatwa polepole."

Opuni alihesabu kwa vidole vya mkono wake mzima. Alikuwa fundi mzuri, na hesabu ilimwingia upesi kuliko alivyotaka.

"Kwa hiyo sekunde mbili nilizokuwa nazitafuta zilikuwepo tangu siku ya kwanza," alisema. "Ningepunguza mwendo tu."

"Ungepunguza mwendo na kushusha mkanda."

"Na hukuniambia."

"Sikujua kukuambia. Nilijua kubonyeza namba tu."

Hapo ndipo Opuni aliinuka. Alisogea mpaka kwenye mashine, plasta yake kifuani, akauangalia mstari wa chaki.

"Weka sekunde moja," alisema.

Watu waligeuka kumtazama Ntiamoah.

"Kwenye mashine yangu?" aliuliza Ntiamoah.

"Wofa, kitu kimenivunja mkono. Kila mtu hapa ananiambia kilivyokuwa, mimi sikukiona. Nataka nikione."

Ntiamoah alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Afrakoma aliwaambia watu waondoke upande wa mbele wote. Alimwambia Opuni pia, mara mbili, mpaka akarudi nyuma hatua nne. Alirudisha mkanda kwenye puli ya kati. Alibonyeza namba: moja. Hakuweka mwendo wa juu, kwa maana hakuwa na wazimu, aliweka nusu. Akachora mstari mpya wa chaki mahali pa ule wa kwanza. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye swichi kubwa ili akate umeme kabla mota haijageuka, na wa kulia kwenye mpini. Miguu yake ilitaka kumpeleka pembeni, akaizuia. Kama angesimama pembeni, yote aliyoyafanya tangu asubuhi yangekuwa maigizo.

Alivuta.

Mota iliguna kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Kikasikika kitu kimoja kidogo, *tak*, na papo hapo akakata umeme. Kichwa kilisimama kikitetemeka.

Mstari wa chaki ulikuwa vipande viwili. Kipande kimoja kilibaki kwenye ekseli. Kingine, kwenye kichwa, kilikuwa kimehama kwa upana wa kidole gumba.

Watu walikuwa wakifanya hesabu moja: kama ni upana wa kidole kwa nusu mwendo, na mota imezimwa kabla ya kugeuka, je, kwa mwendo wote?

"Opuni," alisema Ntiamoah taratibu, "kwako ilikuwa mwendo gani?"

"Wa juu. Na niliigeuza."

"Na sekunde?"

Opuni alimtazama Afrakoma. Ntiamoah naye akamgeukia. "Nani aliyeweka sekunde moja kwenye mashine ya Opuni?"

"Mimi," alisema Afrakoma.

"Kwa nini?"

Nusu ya pili ilikuwa mdomoni mwake, tayari, na ilikuwa ya kweli. Alimwona Opuni akiishika plasta yake kwa mkono mzima.

"Mkono ulioweka ni huu, Wofa. Na mkanda niliukaza mimi, usiteleze. Ile kuteleza ndiyo iliyokuwa inawalinda nyinyi wote, na mimi nilidhani ni ubovu."

Mafundi walitazamana. Wanne kati yao walikuwa na mikanda iliyokazwa na mkono ule ule. Boasiako alikaa vizuri kwenye debe lake.

"Basi," alisema Ntiamoah, akiinyooshea mkono ile chupa. "Mtu mwenyewe amesema. Chupa ya kumtuliza Opuni, na visanduku..."

"Yaw," alisema Dufie.

Opuni hakugeuka.

"Yaw, mimi nauza wali hatua kumi kutoka kwenye mashine yako. Masikio yangu hayana plasta."

Kuna aliyecheka, akajizuia. Dufie aliendelea kumtazama kisogoni.

"Nilimwomba," alisema Opuni.

"Sema tusikie," alisema Ntiamoah.

"Nilimwomba, Wofa. Mara tatu. Ya tatu nilimwambia kama hataki, nitamwita yule fundi wa mtaa wa Asafo, yeye hana maneno mengi. Na alinionya nisiuvute mpini kwa mkupuo. Nikasema sawa."

"Na wewe ukavuta."

"Nilivuta. Wote tunavuta."

Ntiamoah alitoa ufunguo kwenye swichi kubwa, akaurudisha mfukoni. Kisha akatoa uamuzi wake. Afrakoma alikuwa amekwisha leta chupa yake. Opuni naye angeleta yake, na zote mbili zingenywewa siku moja, mezani pamoja. Mikanda yote minne irekebishwe, visanduku vyote virudishwe kwenye sekunde nane, na Boasiako aende na Afrakoma karakana kwa karakana kuwafundisha watu puli ipi kwa kazi ipi.

"Lakini desturi iko pale pale," alisema. "Hakuna kisanduku kitakachowashwa kabla mashine ya Opuni haijawashwa na Opuni. Na sikuulizi leo, Yaw. Mtu haulizwi hivyo akiwa amefungwa mkono."

"Plasta wanaikata Jumatatu," alisema Opuni. Akaondoka, akasimama, akasema bila kugeuka: "Nitapita hapa kabla ya kwenda nyumbani."

* * *

Kupita si kuwasha. Siku tatu zilizofuata kichochoro kizima kilibishana juu ya neno hilo moja. Wengine walisema Opuni hawezi kupita bure. Wengine walisema mtu anaweza kupita ili aseme hapana kwa heshima. Dufie aliulizwa na kila aliyenunua wali, na kila mmoja alipewa jibu lile lile: "Mimi nimeolewa na mdomo wake, si na kichwa chake. Wali wa bei gani?"

Afrakoma na Boasiako walizunguka. Ilikuwa safari ya ajabu, maana Boasiako hakuacha kumtania hata akiwa ameshika upande wa pili wa mkanda, na yeye alijikuta akijifunza mambo ya puli ambayo baba yake hakuyajua. Jumamosi walifika kwa Opuni. Waliiandaa mashine ile: mkanda kwenye puli ya chini, waya za mpini kwenye kisanduku, namba nane. Kichwa kilikuwa kimesafishwa na kurudishwa mahali pake, na Boasiako alikikaza kwa nguvu zake zote, akaning'inia kwenye mpini wa spana mpaka miguu ikaacha sakafu.

"Sasa tuijaribu," alisema kwa mazoea, kisha akajikumbuka.

Hawakuweza kuijaribu. Desturi ilikataza. Mkono wa kwanza kuiwasha ungekuwa wa Opuni, na Afrakoma angejua kama amefanya kazi yake sawasawa katika dakika ile ile ambayo Opuni angejua. Alizisoma zile namba mara tatu. Alizifuata waya kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Aliondoka, akafika kona, akarudi, akazifuata tena.

Jumatatu hakuna aliyefanya kazi ya maana. Saa mbili watu walikuwa wakipangusa mashine zilizokwisha panguswa. Saa tatu walianza kutoka mmoja mmoja kuja mbele ya karakana ya Opuni, kila mmoja akiwa na spana mkononi kana kwamba alikuwa akipita tu. Meza ya Dufie ilikuwa imefunikwa kitambaa. Alikuwa amekwenda na mumewe hospitali. Afrakoma alichora mstari wa chaki kwenye ekseli na kichwa, akaona umepinda, akaufuta, akachora mwingine.

Saa nne na nusu simu ya Wofa Ntiamoah ililia. Aliisikiliza, akasema "Ehee" mara tatu, akaikata.

"Wameikata plasta. Wako Kejetia sokoni, magari yamesongamana. Yaw ameshuka kwenye gari, anakuja kwa miguu."

"Amesema nini?" aliuliza Afrakoma.

"Dufie anasema hajasema kitu. Anasema tangu watoke hospitali anakunja ngumi na kuikunjua, anakunja na kuikunjua."

Watu walisogea kuacha njia mpaka kwenye mpini wa mashine. Mtu alizima redio bila kuambiwa. Boasiako alipanda juu ya injini ya lori iliyokuwa imetupwa ukutani, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama mwisho wa kichochoro, pale kinapokutana na barabara kubwa.

"Unamwona?" aliuliza Ntiamoah.

"Namwona Dufie," alisema Boasiako. "Anakimbia nyuma ya Yaw, na Yaw anakunja mkono wa shati lake."